Mlezi wa mgonjwa akiomba apokewe zamu ili apumzike: dhana potofu na ukweli

"Mama mwema hamwachii mtu mtoto wake."

Dhana hii ndiyo inayowatesa walezi wengi hapa Moshi, na mara nyingi wanaoisema ni watu wasiowahi kukesha na mgonjwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo utokanao na ubongo kudhurika, anakua. Wa miaka kumi habebeki kama wa miaka miwili. Mtu asiyeweza kujigeuza inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia. Mlezi akiumia mgongo, nani atamgeuza? Kupumzika ni sehemu ya kumtunza yule mgonjwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umelitaja jambo hili waziwazi katika ibara ya 28: familia zinazoishi katika umaskini zisaidiwe na serikali, na msaada huo ni pamoja na huduma ya kumpokea mlezi kwa muda. Anayeomba apokewe si mvivu.

"Ndugu wakiona nimechoka watakuja wenyewe."

Wengi hawaji, na si kwa roho mbaya. Wanaogopa kumshika mgonjwa vibaya, wanaogopa degedege, hawajui dawa. Waite kwa jambo mahususi: "Shangazi, Jumamosi naomba ukae na Baba kuanzia saa tatu hadi saa saba. Uji uko kwenye chupa, mnyweshe akiwa amekaa wima." Ila kabla ya siku hiyo, aje mshinde wote akuangalie unavyofanya. Hofu nyingi huishia hapo.

"Kuuguza ni kazi ya wanawake."

Si kweli. Kuinua, kuogesha na kulisha hufundishika, na baba anaweza kujifunza kama mama alivyojifunza.

"Kumpeleka kituoni ni kumtupa."

Si kila kituo ni cha bweni. Moshi kuna mpango wa Building a Caring Community, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini, ulioanzisha vituo vya mchana vya watoto wenye ulemavu: mtoto anashinda huko, jioni analala kwao. Saa hizo mama anafua, anakwenda sokoni, au analala tu, na kulala ni haki yake. Pia waulize wataalamu wa tiba kwa vitendo wa hospitali ya KCMC kuhusu kiti mwendo kilichopimwa kwa mwili wa mtoto. Kiti kinachomkaa vizuri hupunguza mno kazi ya kumbeba.

"Ustawi wa jamii ni wa kesi za talaka na matunzo."

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anahusika pia na watu wenye ulemavu na familia zao. Huko utasikia habari za mikopo ya biashara isiyo na riba, ambayo asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hurejeshwa, kwa hiyo nashauri usiuchukue kabla hujapata wa kukaa na mgonjwa wakati wa biashara. Ukienda, beba kadi ya kliniki, na usieleze ulemavu tu. Eleza siku yako tangu alfajiri hadi usiku wa manane, umwambie afisa ni nani huwa anakupokea na lini. Usipomwambia, ataandika mahitaji ya mtoto peke yake.