Kumpa hela ya kula si kumwachia achague

"Huyu ameshakua, anajiamulia mwenyewe anachokula." Wiki hii nimeisikia tena kliniki, kwa mama aliyemleta kijana wake wa miaka 15. Ushahidi wake ni kwamba kila asubuhi anampa shilingi 1,000 ya mapumziko.

Nikamgeukia kijana. Jana ulikula nini? "Chipsi kavu." Getini kulikuwa na kingine? "Hakuna, mama wa mihogo haji siku hizi." Ulikula peke yako? "Tunachanga wanne, tunakula sahani moja."

Sasa hapo kajiamulia nini? Hela ya mama, chakula kipo kimoja, sahani ya watu wanne! Dhana hii inanichosha kuliko zote: kula mbali na macho ya mzazi kuhesabiwa kuwa ni uhuru. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani walioasisi nadharia ya kujiamulia, walitenganisha kufanya jambo bila kumtegemea mtu na kulifanya kwa kuwa umeliridhia. Binti anayekula mchicha wa bibi yake kwa sababu anaupenda na anajua faida yake yuko huru kuliko anayeruka chakula cha mchana kwa kuogopa kuitwa bonge. Huyu wa pili anaonekana ana msimamo, kumbe anaendeshwa na midomo ya wenzake.

Ndiyo maana dodoso la kupima uhuru wa kijana katika kula, likiwa na swali "nani aliamua?" peke yake, huwa nalirudisha. Uliza nani alinunua, nani alipika, kulikuwa na nini kingine, nani alikuwapo, na je, angekula hichohicho akiwa peke yake? Tena uliza mlo kwa mlo. Kijana anaweza kujichagulia kitafunwa cha jioni, ugali wa usiku asiwe na kauli nao kabisa.

Dhana nyingine: "Mzazi anatosha kujibu." Hatoshi. Anajua kinachopakuliwa nyumbani. Cha mapumziko hakioni. Ninapomhoji kijana alichokula saa 24 zilizopita, namwomba mzazi akae nje, maana mama akiwepo, maandazi matatu hugeuka moja.

Na nyingine: "Akijiamulia atakula ovyo." Uhuru una kipimo chake na ubora wa mlo una chake. Usivijumlishe kwenye alama moja.

Yule mama nilimpa kazi: Jumamosi aende sokoni na mwanawe, amkabidhi hela ya mboga, kisha anyamaze.

"Akichagua nisichokipenda?"

Kipike, mama.