Fikra iliyokwama: kinachofanyika ndani ya vikao 12 vya tiba ya kiwewe

Aliyenusurika ajali mbaya, ubakaji au shambulio la wenye silaha anaweza kukaa wiki kadhaa akiota jinamizi, akishtuka kwa mlio wa pikipiki, akizunguka njia ndefu asipite palipotokea. Kwa wengi hali hiyo hutulia yenyewe. Ikidumu zaidi ya mwezi 1 na kuvuruga kazi, usingizi au ndoa, ni ugonjwa wa kiwewe (PTSD), nao unahitaji tiba. Nitaeleza tiba moja tu kati ya zilizothibitika: ya kuchakata fikra, iliyobuniwa na mwanasaikolojia Mmarekani Patricia Resick akianza na wanawake waliobakwa. Nimeichagua kwa sababu washauri nasaha wengi huichukulia kuwa ni "kumbadilisha mtu mawazo", wakaishia kumhubiria.

Tumekua tukiambiwa malipo ni hapa hapa duniani, na kwamba mtenda hutendwa. Baya likimpata asiyetenda baya, akili huanza kutafuta hesabu ilipokosewa. Wengine hulipinda tukio ili lilingane na imani ya zamani: "Nisingepita njia ile, yasingenipata." Wengine huivunja imani yote: "Hakuna mwanaume wa kuaminika." Sentensi za namna hii ndizo fikra zilizokwama. Tiba nzima ni kuzisaka, kuziandika na kuzihoji.

Kikao cha mtu mmoja huchukua dakika 50 hadi 60, mara 1 au 2 kwa wiki. Kile cha kwanza ni cha kueleza dalili na jinsi kukwepa kunavyozilea. Mteja huondoka na kazi ya kuandika ukurasa mmoja hivi: kwa nini anadhani jambo lile lilimpata, na limebadilisha vipi anavyojiona, anavyowaona watu na dunia. Haambiwi asimulie tukio lenyewe. Wengi huikimbia tiba wakidhani watalazimishwa kueleza kila kitu. Utafiti wa Resick na wenzake uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa waliotibiwa bila kuandika simulizi hawakuachwa nyuma na walioandika, hivyo simulizi si sharti.

Kutoka kwenye ukurasa ule, wewe mshauri na mteja mnachomoa fikra zilizokwama, na hapa ndipo makosa huanza. "Naogopa" ni hisia. "Walinipiga" ni ukweli wa tukio, hakuna cha kuhoji. "Kwa nini mimi?" ni swali. Muulize: ukijiuliza hivyo, unajijibu nini? Akisema "Mungu ananiadhibu", hiyo sasa ni fikra, iandike kwa maneno yake mwenyewe. Usibishane na dini yake. Uliza alijifunza wapi kwamba kila mateso ni adhabu, na kama anaamini hivyo pia kwa mtoto aliyeumizwa.

Karatasi ya kwanza ina safu tatu: kilichotokea, ninachojiambia, ninachohisi. Baadaye huja maswali. Ushahidi wa kuunga mkono ni upi, wa kupinga ni upi? Kuna neno la kupindukia, kama "wote" au "daima"? Habari gani imeachwa nje? Kuanzia kikao cha 7 maswali hayo hukusanywa kwenye karatasi moja yenye nafasi ya fikra mbadala, na vikao vya mwisho hupitia mada tano: usalama, kuaminiana, udhibiti, heshima na ukaribu.

Mpangilio una sababu. Anza na lawama za jana kabla ya hofu za kesho, kwani anayeamini alijiletea balaa atajilinda maisha yake yote kwa kanuni isiyo na msingi. Chukua "Ningepiga kelele wasingenibaka." Mshauri mwenye huruma hukimbilia: "Pole dada, si kosa lako." Ni kweli, lakini shangazi na mchungaji walishamwambia hivyo, halikuingia. Muulize: walikuwa wangapi? Walishika nini? Wakati ule ulikuwa unajua nini, si unachokijua leo? Ungepiga kelele, wangefanya nini? Mara nyingi mteja mwenyewe hutamka kwamba kunyamaza ndiko kulikomwokoa, na neno lililotoka kinywani mwake hukaa. Kisha tenganisheni: aliyekusudia uovu ana lawama, aliyechangia bila nia mbaya ana sehemu ya wajibu, lisilotabirika halina wa kulaumiwa. Kama alibakwa akienda shambani asubuhi, kule kwenda kwake kunaingia katika hili la tatu.

Wanaosema tiba hii ni ya wasomi wa Ulaya na Marekani waangalie Kongo. Utafiti uliotoka 2013 katika jarida la kitabibu The New England Journal of Medicine uliijaribu mashariki mwa nchi hiyo kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, kikao 1 cha mtu binafsi na 11 vya kundi. Walioendesha ni wasaidizi wa jamii, si madaktari, na karatasi zilirahisishwa ziweze kukaririwa na wasiojua kusoma. Miezi 6 baada ya tiba, 9% ya waliokuwa kwenye tiba walibaki na dalili za kufikia kiwango cha sonona au wasiwasi, dhidi ya 42% ya waliopata usaidizi wa kawaida wa mtu mmoja mmoja; kwa kiwewe matokeo yalifanana.

Ila mahali penye wanamgambo, "nje si salama" ni habari ya kweli. Usimwambie dunia ni salama, atakuona huna akili. Mnachohoji ni ukubwa wa hukumu: ni kila saa, kila njia, kila mtu?

Kazi ya nyumbani isipofanyika, usisamehe tu wala usikaripie: ifanyeni kwa mdomo pale pale, kisha mpe tena. Kuiacha ni kukwepa kule kule. Pima dalili kila wiki; dodoso la dalili za kiwewe liitwalo PCL-5 lina maswali 20, alama 0 hadi 80, na jumla ya 31 hadi 33 kwenda juu huashiria tatizo. Alama zikigoma kushuka kufikia katikati ya vikao, mimi hutazama kwanza kazi za nyumbani, halafu tukio jingine lililofichwa, halafu pombe au diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo haipendekezwi kwa ugonjwa huu. Anayepanga kujiua, au anayeendelea kupigwa nyumbani, ashughulikiwe usalama wake kabla ya karatasi yoyote. Alama zikishuka vizuri mapema, si lazima vikao vifike 12.