Kuuliza mahali pa karibu kwa Kiingereza

Kwa Kiswahili, "Duka la dawa liko wapi?" linatosha hata kama hujui kama mtaa huo una duka la dawa. Kwa Kiingereza, "Where is the pharmacy?" ni swali la mtu anayeamini liko moja linalojulikana, na mwenyeji anaweza kukurudishia: lipi? Kama umefika mgeni kabisa, uliza kwanza kama lipo: "Is there a pharmacy near here?" Ukitaka lililo karibu kuliko yote, sema "the nearest pharmacy". Halafu tujihadhari na "karibu na" yetu. Wengi huibeba nzima wakasema "near with the bank", wakati "near the bank" inajitosheleza.

Salamu ndefu ziache. "Excuse me" inafanya kazi ya hodi na samahani kwa pamoja. Mpita njia wa London ukianza kumuuliza habari za asubuhi atadhani una kitu cha kumuuzia. Ukitaka adabu zaidi, tumia "Could you tell me where the nearest bus stop is?" Angalia "is" ilivyosogea mwisho. Ukiiacha mahali pake pa kawaida utaeleweka tu, usijinyime kuuliza kwa sababu hiyo.

Ugumu wenyewe uko kwenye jibu, maana swali umelifanyia mazoezi lakini jibu linakuja kwa kasi ya mwenyeji. "Take the second left" maana yake hesabu njia zinazochepuka kushoto kuanzia uliposimama, ya kwanza uipite, ya pili ndiyo ukate. "Just past the bank" ni ukishaipita benki kidogo, na "opposite" ni ng'ambo ya barabara, uso kwa uso. Mmarekani badala yake husema "across from".

Marekani watakupimia kwa "blocks", yaani kutoka njia panda moja hadi nyingine. Kipimo hiki hakilingani kila mahali. Chicago, kwa kawaida, bloki nane hufanya maili moja, kwa hiyo bloki moja ni kama mita 200. Manhattan, ukielekea kaskazini au kusini, maili moja hula bloki 20 hivi, kila moja kama mita 80. Ukikatiza mashariki au magharibi, bloki zinakuwa ndefu zaidi. "Three blocks" basi inaweza kuwa hatua chache au matembezi ya kutoa jasho. Uliza dakika: "How long does it take on foot?"

Neno "subway" nalo lina mambo yake: New York ni treni ya chini ya ardhi, Uingereza mara nyingi ni njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya barabara. Choo Uingereza ni "toilet", Marekani ulizia "restroom".

Kabla hujaondoka, rudia ulichosikia: "So, second left, then past the bank?" Ukikosea, atakusahihisha papo hapo.