Babu alipigana vita Marekani? Anza na faili la mjane wake

Watu wakinitafuta niwasaidie kufuatilia babu aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 mpaka 1865, wote wanataka kwanza rekodi ya jeshi. Mi nawaambia jamani tukaangalie pensheni, hasa ya mjane, maana familia iko humo.

Rekodi ya jeshi itakupa umri, urefu, alikozaliwa, alikojiandikishia, siku gani alikuwepo kambini na siku gani alikuwa hospitali, basi. Ila kwa askari weusi, wale wa regimenti za USCT (United States Colored Troops, vikosi vya askari weusi wa serikali) zilizoanzishwa 1863, usiipite haraka. Kwenye majimbo kama Maryland na Missouri, yaliyobaki upande wa serikali, yaani Muungano, aliyekuwa anammiliki askari kama mtumwa angeweza kudai fidia mpaka dola 300, na hizo karatasi mara nyingine zimo humohumo. Jina la mmiliki ni kitu kikubwa sana, kwa sababu sensa za 1850 na 1860 kwa kawaida ziliandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi tu, majina yao yanaanza kuonekana 1870.

Sasa pensheni. Mjane ilibidi athibitishe aliolewa kweli, na ndoa za watumwa sheria haikuzitambua, cheti hakuna. Sheria ya 1864 ikaruhusu mashahidi, na dai likileta utata ofisi ya pensheni ilituma mkaguzi anakwenda mpaka kijijini anamhoji mama mwenyewe, majirani, askari wenzake na marehemu, hata familia iliyokuwa inawamiliki, na yote yanaandikwa: nani alikuwepo harusini, mtoto gani alizaliwa lini, nani aliuzwa akapelekwa wapi. Nimesoma mengi na bado yananigusa, watu ambao hawakufundishwa kusoma wala kuandika, lakini maneno yao yapo.

Ukikwama kwenye jina usikate tamaa. Wengi walijiandikisha kwa jina la ukoo la mmiliki, vita vilipoisha wakachagua la kwao, kadi ya faharasa ya pensheni mara nyingi inaonyesha yote mawili. Kama bado humpati pitia regimenti na kombania, kuna faharasa ya pensheni iliyopangwa hivyo. Orodha ya askari ipo bure mtandaoni kwa idara ya mbuga za taifa ya Marekani, na sensa ya 1910 ina safu ya maveterani, ukiona UA pembeni ya jina huyo alikuwa jeshi la Muungano. Waliopigania Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, pensheni zao zililipwa na majimbo, kwa hiyo uliza jimbo husika.

Mafaili ya Muungano mengi yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Ukiagiza omba faili zima, sio kurasa chache walizokuchagulia, na ukiona kwenye kadi namba ya ombi ipo lakini ya cheti cha pensheni haipo, maana yake huenda alinyimwa, agiza hivyohivyo, kwa sababu waliokuwa wanabishiwa ndo waliohojiwa zaidi.