Uchovu Baada ya Kiharusi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mgonjwa karudi nyumbani, mdomo umenyooka, mkono umeanza kushika kikombe. Wote wanamshukuru Mungu. Wiki chache baadaye minong'ono inaanza: mbona huyu akishaoga na kuvaa shati anarudi kitandani, na saa nne ya asubuhi haijafika?

"Anadeka tu"

Hadeki. Uchovu huu ni tatizo linalojulikana kitabibu, na huwapata karibu nusu ya walionusurika kiharusi. Tena hauendani na ukubwa wa kiharusi: aliyepata kidogo na kutembea vizuri anaweza kuchoka kuliko aliyepooza upande mzima. Uchovu wa kawaida huisha mtu akilala. Huu anaamka nao.

Na hauletwi na kazi za mwili pekee. Tazama siku ya wageni: watu sita sebuleni wamekuja kutoa pole, televisheni inapiga kelele, watoto wanapita, na mgonjwa anatakiwa amjibu kila mmoja. Ubongo ulioumia hujitahidi mno kufuata mazungumzo ya namna hiyo. Kwa maoni yangu, familia ingezima televisheni na kupanga wageni waje wawiliwawili kabla ya kuhangaikia vitamini.

"Amechoka, basi alale mpaka apone"

Kulala kutwa kunanyong'onyeza misuli na kupunguza pumzi, na wiki ijayo hata kwenda chooni kunakuwa safari. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2012, wenye wagonjwa 83, ulilinganisha waliopata tiba ya kisaikolojia peke yake na walioongezewa mazoezi yanayozidishwa polepole kwa wiki 12. Walioongezewa mazoezi walipata nafuu zaidi.

Anza na dakika 5 au 10 za kutembea uani, kisha ongeza taratibu. Mapendekezo ya Marekani kwa walionusurika yanalenga dakika 20 hadi 60, siku 3 hadi 5 kwa wiki, na zinaweza kugawanywa. Kipimo rahisi: aweze kuongea huku anatembea. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, asimame. Ambaye presha yake haijatulia aanze kwa ruhusa ya daktari.

"Basi ajikaze!"

Hili nalo lina madhara yake. Siku akijisikia vizuri anafua, anakwenda sokoni, jioni harusini; siku mbili zinazofuata hanyanyuki. Apumzike kabla hajachoka, na kazi nzito aziweke saa zake za nguvu. Daftari dogo la kuandika alichofanya na alivyojisikia litamwonyesha saa hizo ni zipi.

"Kuna sindano ya nguvu"

Dripu za vitamini zinauzwa, na watu wanatoa hela. Ukweli ni kwamba mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuondoa uchovu huu. Fluoksetini, dawa ya sonona, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, matokeo yakatoka 2018: haikuwarudishia uwezo wa kujitegemea wala haikuwapa nguvu. Ilipunguza sonona, lakini waliovunjika mifupa waliongezeka. Modafinili, dawa ya kuondoa usingizi, ilileta matumaini Australia mwaka 2017, ila kwa watu 36 tu, na jaribio lingine dogo la Denmark la 2015 halikufikia lengo lake kuu. Kwa ushahidi wa namna hiyo mimi nisingemshauri mtu aisake mitaani.

Ila daktari ana kazi ya kufanya. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sukari, sonona, maumivu ya bega, kukoroma huku pumzi zinakatika usingizini: kila kimoja huchosha, na kila kimoja kina tiba. Vipimo vya damu kwanza, dripu baadaye, kama itahitajika kabisa.

"Dawa za presha ndizo zinammaliza, aziache"

Hapa pana ukweli nusu. Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi, huweza kumlegeza mtu. Dawa za kifafa, za maumivu ya mishipa ya fahamu, za kulegeza misuli iliyokakamaa, hata Piriton ya mafua, huleta usingizi. Lakini anayeziacha za presha kwa uamuzi wake anakaribisha kiharusi cha pili, na atenololi ikikatizwa ghafla moyo unaweza kupata shida.

Siku ya kliniki abebe mfuko mzima wa dawa, mitishamba ikiwemo, aumimine mezani na aulize: ipi kati ya hizi inalaza? Naweza kuimeza usiku? Ipo ya kubadilisha?

"Miezi mitatu utakuwa umeisha"

Kwa wengine ndiyo, kwa wengine unakaa miaka. Ila uchovu uliozoeleka ni kitu kimoja. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea upya au maneno kukwama ghafla ni kitu kingine. Hapo hakuna kusubiri alale aone kesho. Ni hospitali saa hiyohiyo.