Mstaafu wa Siku Hizi Hakai Kibarazani

Katika semina za wastaafu watarajiwa hapa Dar es Salaam, swali la kwanza huwa lilelile: "Nitapata ngapi?" Ni swali halali, hebu tulijibu kwanza.

Chukua mtumishi wa umma aliyechangia miezi 360, na wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu ni shilingi 1,160,000 kwa mwezi. Zidisha wastani huo kwa 360, gawanya kwa 580, kigawanyo cha kanuni ya pensheni, unapata pensheni kamili ya 720,000 kwa mwezi. Kwa mwanachama anayestahili mkupuo wa asilimia 40, hiyo asilimia 40 ya pensheni hulipwa kwa pamoja kwa hesabu ya miaka 12 na nusu: shilingi 43,200,000. Inayobaki, 432,000, inaingia kila mwezi maisha yote.

Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza ni hili: Jumatatu ya kwanza baada ya kuagwa kazini, utaamka uende wapi?

Wazee wa mji huu wameanza kulijibu wenyewe, na majibu yao yanabadilisha maana ya kustaafu. Wapo walimu waliofungua masomo ya ziada uani kwao, mafundi wanaopokea vijana wa kujifunza kazi, akina mama wanaoshika daftari la kikoba cha mtaa kwa sababu wanaaminika na hesabu wanaijua. Jumapili alfajiri, kwenye klabu za jogging, nyuma ya vijana wanaoimba utawakuta watu wa miaka 60 na kitu ndani ya jezi ileile. Wengine wanatembea tu. Haidhuru. Klabu hizo huchangiana msibani na kutembeleana mtu akiugua, na kwa mzee aliyefiwa na mwenza hilo lina uzito kuliko mbio zenyewe.

Ukiwachunguza hawa wanaoendelea vizuri, utagundua kwamba wengi hawakuanza walipofika 60. Walianza wakiwa 50, 52, mshahara ukiwa bado unaingia. Mtu alinunua kuku 30 wa kienyeji akawaweka Chanika au Bunju, pembezoni mwa jiji, akapata hasara ya kwanza akiwa na kipato cha kuibeba. Akajifunza kwamba ugonjwa wa mdondo unafagia banda zima kwa siku chache, na kwamba kinga yake ni tone moja la chanjo jichoni kila baada ya miezi mitatu. Akajua pumba inapanda bei lini. Anapolipwa mafao anapanua banda analolijua. Mwenzake anayeanzia sifuri na milioni 43 mkononi, huku ndugu na marafiki wa ghafla wakimletea mawazo ya miradi, anajifunza somo hilohilo kwa ada ya juu mno. Msimamo wangu hapa ni mkali kidogo: biashara usiyowahi kuifanya hata kwa udogo, usiiingizie kiinua mgongo. Na mkopo wa kuongezea mtaji uogope zaidi.

Mwili nao una michango yake. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na kwa waliofika miaka 65, mazoezi ya kusawazisha mwili usiyumbe siku tatu au zaidi ili kuzuia kuanguka. Kutembea haraka hadi sokoni na kurudi kunahesabiwa. Jipime hivi: keti kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, inuka na kuketi mara 5. Ukizidisha sekunde 15, miguu imeanza kuishiwa nguvu, na misuli ya mzee hurudi ikifanyishwa kazi. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya kuanza.

Mama lishe, machinga na dereva wa bodaboda mara nyingi husema mambo ya pensheni ni ya waajiriwa. Sivyo. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inapokea waliojiajiri, ila hesabu yake ina makali: pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza akiwa na 45 na asikose mwezi anafika 60 akiwa ametimiza. Anayesubiri 50 ameshachelewa kwa miaka mitano.

Kwa aliyebakiza miaka michache, kazi ya wiki hii ni ndogo: omba taarifa ya michango yako, angalia kama kuna miezi ambayo mwajiri hakuwasilisha, kisha linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye barua ya ajira, kitambulisho cha taifa (cha NIDA) na akaunti ya benki. Herufi moja tu ikitofautiana, malipo yanaweza kukwama miezi kadhaa, na kurekebisha ukiwa bado kazini ni rahisi kwa sababu ofisa utumishi wako yuko mlango wa pili.