Maana ya makazi ya angani, na jinsi ya kuyapanga katika mfumo wa nyota wa kubuni

Makazi ya angani ni mahali nje ya sayari ya asili ambapo watu huishi maisha yao yote: huzaliwa, hulima, huzikwa. Kituo cha angani si makazi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kimekuwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000, lakini wakazi wake hupokezana zamu na chakula chao hutoka duniani.

Wanaobuni mfumo wa nyota kwa ajili ya hadithi hupenda kuanza na majina, na ya wavumbuzi hayaishi hamu. Hata wanaastronomia wameyatumia: mwezini kuna kreta ya Ibn Battuta, na Pluto ina milima ya Tenzing na Hillary. Kosa la kawaida ni kuipa sayari, mwezi na makazi jina la mtu yuleyule, kisha msomaji hajui ni ipi inayotajwa. Afadhali sayari iitwe Magellan, kwa jina la yule baharia Mreno, na makazi yanayoizunguka yachukue majina ya merikebu tano za baharia huyo: Trinidad, San Antonio, Concepción, Victoria na Santiago. Anayejua kwamba Santiago ilivunjika mwaka 1520 na kwamba Victoria pekee ndiyo iliyokamilisha safari ya kuizunguka dunia, mwaka 1522, ataanza kushuku mapema yatakayoyapata makazi hayo.

Lakini jina haliwafanyi watu wasimame sakafuni. Makazi yanayoelea huzungushwa ili wakazi wakandamizwe kwenye ukuta wa nje, nao ukawa ndio sakafu. Ili kupata uzito kama wa duniani kwa mzunguko 1 kwa dakika, kutoka mhimili hadi sakafu kunahitajika mita 894. Kwa mizunguko 2 zinatosha 224, kwa 4 ni 56 tu. Hapo wabunifu wengi hushawishika kujenga kidogo kwa bei nafuu, na hapo ndipo mambo huharibika: mzunguko ukiwa wa kasi, mtu akigeuza kichwa ghafla sikio la ndani huvurugika, kichefuchefu kikamshika, na mpira ukirushwa unapinda njiani. Kwa watu wasiozoea, usivuke mizunguko 2.

Halafu kuna mionzi ya angani, ambayo wakazi huhitaji ngao nene ya kuizuia. Mchoro wa makazi uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1975, pete ya watu 10,000 yenye kipenyo cha kilomita 1.8 hivi, ulikuwa na uzito wa takriban tani milioni 10, sehemu kubwa ikiwa ngao ya udongo wa mwezini. Ngao hiyo haikuzunguka pamoja na pete. Ingezunguka, uzito wake wote ungeivuta pete kwa nje.

Kwa hiyo weka makazi karibu na mwezi mdogo au asteroidi ya kuchimba udongo huo. Angalia pia umbali kutoka kwenye nyota: ukiuongeza mara mbili, mwanga hubaki robo, na paneli za umeme zitahitaji eneo mara nne.